Kipande Kilicholazwa katika Zamzam

Inshirah amekuwa akikata nyama za wagonjwa za kupimwa tangu maabara yetu ya Tanta, Misri, ilipokuwa chumba kimoja juu ya duka la halua. Mikono yake ilinuka formalini, dawa ya kuzuia nyama kuoza, hata siku ya Idi, na mashoga zake walimkwepa, maana alijua habari zao kabla yao. Ugonjwa wenyewe hatuutaji jina. Tunasema "ule mbaya", tena kwa sauti ya chini.

Kwetu, daktari akishatoa kipande, jamaa wa mgonjwa ndiye anayekibeba mpaka maabara. Desturi mbovu, nimelalamika mpaka nimechoka. Hajati Dawlat alileta cha binti yake Raghda, kilichotolewa kwenye ini kwa sindano. Msichana alinusurika kufa kwa kuvuja damu, na daktari akasema ini lile halichomwi sindano tena.

Inshirah alifungua chupa, akanusa, akanitazama. Hajati akaeleza, kwa fahari kidogo, kwamba ile dawa ya kuzuia kuoza ilimwasha macho, akaona haifai kuilaza nyama ya mwanawe katika sumu. Akaimwaga, akatia Zamzam aliyorudi nayo kutoka Makka, kisha akazunguka na chupa kwa masharifu iombewe. Katika joto la Agosti!

Inshirah alijaribu hivyo hivyo. Alikikausha kipande kwa spiriti, akakigandisha katika nta, akakikata chembamba kuliko ganda la kitunguu, akakitandaza juu ya kioo na kukitia rangi. Darubini ilionyesha ukungu wa waridi tu, hakuna seli hata moja ya kusomeka. Daktari wetu alitikisa kichwa, akamwachia Inshirah kazi ya kusema. Eti wanawake huelewana.

"Hajati, hatukuona kitu."

Hajati akapiga kigelegele. Akaibusu mikono ile inayonuka, akashuka ngazi huku akipiga simu. Nilimwona Inshirah akisita, roho inamuuma kumkatizia mwenzake furaha. Kisha akamkimbilia, nami nikafuata.

"Hajati, nisikilize. Sikusema hana ugonjwa. Nimesema hatuuoni. Kipande kimeoza."

"Kimeoza ndani ya Zamzam?"

"Zamzam ni ya kunywa, mama yangu. Kile kilitaka ile sumu."

Hajati alikaa kwenye ngazi. Simu ilikuwa bado wazi mkononi mwake, na vigelegele vya upande wa pili vilikuwa vimekwisha.

"Mama," sauti ya msichana ikauliza, "nini changu kimeoza?"