Nilipokimbia Nikiwa Nimeketi

Enzi zetu hakuna aliyemwambia mtoto afanye mazoezi. Tuliambiwa tutulie. Mayu, ndivyo tulivyomwita mama kwetu Puge, akikukuta umeketi kimya alikugusa paji la uso kwa mgongo wa kiganja kuona kama una homa. Wenzangu wa rika langu mnanielewa. Shuleni tulikwenda mbio, kisimani mbio, tukitumwa chumvi mbio, na ukirudi unatembea unaulizwa kama unaumwa.

Jioni ilikuwa rede. Wawili wanarusha mpira wa soksi kuukuu iliyoshindiliwa matambara, mmoja yuko kati na chupa yake, anaijaza mchanga huku anakwepa. Vumbi lilipanda hadi tukawa hatuonani vizuri, na miguu ya watoto kumi na wawili ilitwanga ule uwanja hadi ukang'aa. Mimi nilikuwa hodari wa kukwepa, na hodari zaidi wa kubisha. Mpira ukigusa pindo la gauni nasema haukunigusa. Dada yangu Salome, aliyenitangulia kwa miaka mitatu, hakunikubalia hata siku moja. Alishika kiuno, akasema kwa sauti ya chini tu, “Tereza, toka.” Nitalia, nitaapa, nitaita mashahidi, lakini wote watamtazama yeye, nami nitatoka. Baadaye tulikaa pamoja kutafuna matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, mpaka taya zikauma na hasira ikasahaulika.

Babu naye alikuwa na lake. Watu wa ukoo wake walikuwa wapagazi, walibeba mizigo kwa miguu kutoka Tabora hadi pwani na kurudi, kwa hiyo akituona tunahema baada ya kutoka dukani alitucheka waziwazi. Angekuwepo leo sijui angesema nini. Kijana wa jirani yangu hapa Ipuli, Tabora mjini, anachukua bodaboda kwenda ukumbi wa mazoezi, na akifika huko anapanda mashine ya kukimbilia. Namcheka, lakini na mimi mjukuu wa mpagazi nilikuwa nikipanda bodaboda kwenda sokoni Mtendeni kununua nyanya.

Basi mwaka jana sukari ikanikamata. Dada Salome ilikwisha kumkamata zamani. Alijikwaa jiwe shambani, kidonda kikagoma kupona, mwishowe wakamkata mguu chini ya goti, akabaki na kiti na gongo la kutembelea. Kwa hiyo daktari aliponiambia nipunguze mwili na nifanye mazoezi kila siku, la sivyo kliniki ijayo ananianzishia sindano, sikungoja kuelezwa mara ya pili. Tangu siku hiyo sikutulia. Kila asubuhi niliigeuza miguu yangu nikazikagua nyayo, kidole kwa kidole, kama ninayechagua viazi sokoni. Niliogopa, na sioni haya kusema.

Siku ya kwanza nikajifunga kanga, nikatoka kukimbia barabarani. Lo, nilisahau ninaishi wapi. Mwanamke wa umri wangu akionekana anakimbia asubuhi, ana msiba. Sijafika hata kona, Mama Hadija wa nyumba ya pili alikuwa nyuma yangu, kanga ya pili ameshajitanda kichwani, anauliza ni nani aliyefariki. Nyuma yake wengine wawili wanakuja. Nilipowaambia ni mazoezi walinitazama kwa huruma zaidi kuliko kama ningekuwa nimefiwa kweli. Saa nne mmoja akaniletea uji.

Mwanangu Josefu, anayefanya kazi Dar, alicheka sana nilipomsimulia, kisha akanitumia dawa ya tatizo kwa basi. Ilikuwa mashine ndogo ya gemu, unaichomeka kwenye runinga, unashika rimoti yake mkononi. Kwenye kioo anatokea msichana mwembamba kwenye njia ya msituni. Ukikimbia hapo ulipo naye anakimbia, ukiruka anaruka, ukikwepa tawi anakwepa. Ukimaliza unapewa nyota na sauti ya Kizungu inakusifu. Nilifunga mlango, nikashusha pazia, nikaanza. Wiki mbili nilihangaika kweli jamani, jasho hadi kwenye kope, vyombo kabatini vikigongana.

Wiki ya tatu magoti yakauma, nikaketi kitini nipumzike. Akaja nzi. Nikamfukuza kwa mkono ulioshika rimoti, na yule msichana kwenye kioo akatoka mbio! Nikapunga tena, akakimbia tena. Kumbe mashine haiijui miguu yangu, inaujua mkono tu. Kuanzia siku hiyo nilivuka misitu na mito nikiwa nimeketi, mkono wa kulia unapunga, wa kushoto unapeleka karanga mdomoni. Nyota zikamiminika. Nikazipiga picha, nikazituma kwenye kundi la familia. Wakwe wakanisifu, Josefu akaandika kwamba mama amekuwa mwanariadha. Nilijua ninachofanya, nikaendelea kufanya.

Siku ya kliniki nilikwenda kwa madaha. Nesi akanichoma kidole, daktari akatazama kipimo, akanitazama mimi, akatazama kipimo tena. Sukari ilikuwa imepanda kuliko mwanzo. Nikatoa simu haraka nikamwonyesha nyota zangu zote. Alizitazama kwa adabu hadi ya mwisho.

“Mama,” akasema, “damu yako inasema hukufanya.”

Akanipa mwezi mmoja, wa mwisho. Nilitembea toka kule hadi nyumbani, maana kwenye kiti cha bodaboda nisingeweza kutulia. Nilipofika nikazunguka sebuleni, nikafagia palipokwisha fagiwa. Kwenye simu watu wa kundi walikuwa bado wananipongeza. Kulikuwa na mtu mmoja tu niliyeweza kumwambia. Nikapiga Puge.

Nikamwamkia shikamoo, Dada Salome akaitikia marahaba, nami nikamweleza kila kitu, nzi, kiti, karanga, nyota. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

“Mimi nimekaa kitini mwaka wa tatu huu, Tereza,” akasema. “Wewe umekaa kwa kupenda?”

Nililia. Akaniacha nimalize, kisha akaniambia nivue viatu, niweke simu sakafuni na niruke, kwa sababu mguu hana lakini masikio anayo.

Tangu hapo kila saa kumi alasiri ninampigia. Runinga siwashi tena. Naruka, naye anasikiliza. Nikianza kuburuza kisigino anajua, nikipumzika kwa kisingizio cha kunywa maji anauliza hayo maji ni ya kisima gani yasiyokwisha. Kliniki ni Jumanne ijayo. Sijui kipimo kitasemaje.

Zamani tulikuwa na uwanja mzima na hatukuwa na habari kwamba tunajipa afya. Wale kumi na wawili wametawanyika, wengine tumewazika, na mimi naruka peke yangu nyuma ya pazia, majirani wasije wakanibebea uji. Najionea huruma nikiwaza hivyo. Jana nilichoka mapema, nikasimama nikishika meza, nikihema. Kutoka kwenye simu pale sakafuni nikasikia kitu kinagonga ardhi, pole pole, kwa mwendo uleule wa miguu yangu. Nikamuuliza ni nini hicho.

“Gongo langu,” akasema. “Usisimame.”