Sekunde Tatu na Beti Kumi na Moja

Nilisoma chuo cha ualimu cha wasichana Mahajanga, enzi ambazo bendera mpya ya uhuru ilikuwa haijapauka bado, na nilicheza mpira wa kikapu. Mtaani kwetu Antanimasaja habari hiyo ilipokelewa kama surua: hakuna aliyepiga kelele, ila kila mtu alitaka kujua itaisha lini.

Chuoni tulisema Kifaransa, sokoni Kimalagasi, nyumbani Kingazija. Mashairi yalikuwa na lugha yake, Kiswahili cha zamani ambacho hata walioyakariri hawakukielewa chote. Mghani wetu alikuwa mama yake baba, tuliyemwita koko, kama Wangazija wote wanavyowaita bibi zao. Kila Alhamisi baada ya alasiri wanawake wa mtaa walikuja sebuleni kumsikiliza. Sheria ilikuwa moja. Ukighaniwa wewe, unasimama, unatuliza mikono, husogei mpaka beti za jamaa zako, wazima na wafu, ziishe. Kuondoka ni kuwatukana marehemu. Shangazi yangu aliwahi kuacha wali ukaungua hadi jirani akaja na ndoo ya maji, na akasifiwa mwezi mzima.

Mwaka wangu wa pili tulibakiza mechi moja na shule nyingine ya mjini. Washindi wangepelekwa kisiwani Nosy Be kwa mashindano. Mimi nilikuwa sijawahi kutoka Mahajanga, ukiacha Boanamary, hapo jirani, kwa ndugu wa mama, na Boanamary si kutoka. Niliitaka Nosy Be hadi nikakosa hamu ya kula. Baba, fundi cherehani, akasema atakuja kuangalia kwanza, ndipo aamue kama binti yake anafaa kusafiri na watu wa namna hiyo. Akaja na koko awe shahidi. Chini ya sketi ya timu nilivaa suruali ndefu aliyonishonea mwenyewe. Joto lake nalikumbuka hadi leo.

Zikiwa zimebaki sekunde chache, tukiwa nyuma kwa pointi moja, nikapewa mpira chini ya kikapu. Hakuna wa kunizuia. Uwanja mzima ukanyamaza, na koko, aliyezoea kwamba watu wakinyamaza ni zamu yake, akasimama, akafumba macho kama kawaida yake, akaanza.

"Mjukuu wa wavuka maji, simama nikutambue."

Nikasimama. Sikuamua mimi, iliamua miguu. Msichana wa timu pinzani aliyekuwa anakimbia kunikaba, naye Mngazija, akasimama kando yangu kwa heshima. Kwa sheria ya mchezo, pale chini ya kikapu hukai zaidi ya sekunde tatu. Koko alikuwa na beti kumi na moja. Refa akapuliza filimbi, akautoa mpira mikononi mwangu, akawapa wapinzani, mechi ikaisha, watu wakaanza kutawanyika, na koko ndiyo kwanza anafika kwa babu wa babu. Nilisimama hadi mwisho. Nililia, lakini sikusogea.

Kocha alikusanya mipira akaondoka. Baba alinisindikiza nyumbani, kisha mlangoni akaniambia kwamba binti anayesimama vile, yeye yuko tayari kumruhusu kwenda popote. Ruhusa ikawa ipo, safari haipo. Wallahi nilitamani kumrushia kiatu.

Koko alikuwa ndani anakunja mtandio wake. "Mpira uliingia?" akaniuliza.

Nilikuwa na hasira ya kutosha kumwambia ukweli. Nikamtazama.

"Uliingia, koko."

Alhamisi iliyofuata akaongeza ubeti wa kumi na mbili, wa mpira na kikapu. Nikasimama, mikono imetulia, nikausikiliza. Niliusikiliza kila Alhamisi kwa miaka mitatu. Baba akipita aliangalia sakafu.

Nosy Be nilikwenda baadaye, kufundisha, kwa ruhusa ileile. Koko tulikuwa tumeshamzika, na nilikuwa nimemkumbuka sana. Wanawake wa huko wakanialika kwenye kikao chao cha mashairi, wakaniomba nighani la kwetu. Kati yao alikuwemo yule msichana wa timu pinzani. Alikuja na timu yake mashindanoni, akapata mchumba, akarudi kuolewa. Mume ambaye, kwa haki kabisa, ningeweza kumpata mimi.

Nikaghani. Nilipofika ubeti wa kumi na mbili, yule mwenzangu alisimama, akatuliza mikono. Hakusogea mpaka mpira ulipoingia.