Taa Tatu za Pearl na Saini Yangu

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kituo cha televisheni hapa Doha, Mkuu wa Maktaba hakunijibu hata salamu. Alinikabidhi kitambaa na rafu nzima ya kanda za video, akaniambia nizifute vumbi, kisha nimweleze kila moja imepigwa na nani. Nilikuwa nimetoka Unguja na cheti changu cha ukutubi na baibui jipya, nikidhani televisheni ni mahali pa watu waliopakwa poda. Nilifuta vumbi hadi adhuhuri. Nilipomwambia kwamba baadhi ya kanda hazina jina la mpigaji, alizitoa zote akazitia kwenye sanduku la peke yake.

"Picha isiyo na mwenyewe ni kama mtoto wa kuokota," alisema. "Mlishe, mvishe, lakini usimwandikie ukoo usioujua."

Alikuwa Msudani, mkali kuliko pilipili, Mungu amrehemu. Ndiye aliyenifundisha karatasi ya chanzo. Hiyo ni karatasi iliyofungamana na kila picha kabla haijarushwa hewani, yenye mistari minne: nani kapiga, wapi, lini, na nani atafaidika tukiirusha leo. Chini yake huja saini. Pasipo saini, picha hairuki, hata akija mwenye kituo. Wenzangu walijaza mistari mitatu na kuuruka wa nne kwa haraka zao. Yeye aliwarudishia, akisema mtu yeyote mwenye macho anaweza kujaza ile mingine.

Kanda zikafa, zikaja faili, na kila mwenye simu akawa mpigapicha. Nikahamishiwa dawati la uhakiki, kazi ambayo ni kuuliza picha maswali mpaka ikiri. Kivuli hukwambia saa, kibao cha duka hukwambia mji, na nguo za wapita njia hukwambia msimu. Bosi wangu hapo alikuwa Mhariri wa Zamu, bwana mmoja wa maneno mengi na subira haba. Kwa Waarabu mtu huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, nami ninaye Salma. "Yalla, Umm Salma, dakika kumi," ndiyo ilikuwa sabahalheri yake. Nilikataa mafuriko ya nchi moja yaliyopachikwa nchi nyingine. Nilikataa vita vilivyopigwa ndani ya mchezo wa kompyuta. Najisifu, na nina haki ya kujisifu, kwa sababu kazi ile niliiweza.

Katika miaka yangu ya mwisho ukaingia msimu wa visahani vinavyoruka. Wamarekani walianza kufungua mafaili yao ya vitu visivyotambulika angani. Wanasiasa walikaa mbele ya kamera, mashahidi wakala viapo, na video za kijivu zenye kidoa katikati zikatufikia dawatini. Niliujaza mstari wa nne kwa raha zangu. Nani atafaidika? Mwanasiasa, kwa kuwa anaonekana mpenda uwazi bila kumuudhi mpiga kura hata mmoja. Mwenye kutaka rada mpya, kwa kuwa adui asiyejulikana hana balozi wa kumtetea. Mwenye jambo lake asilotaka liulizwe wiki hiyo. Na sisi wenyewe, kwa sababu siku za visahani hakuna mtazamaji anayebadilisha stesheni. Sikusema kwamba juu hakuna kitu. Mungu ana viumbe Vyake na orodha hatukupewa. Nilichosema ni kwamba siri inapofunguliwa, mtazame kwanza aliyeshika ufunguo.

Basi wiki moja ya vikao hivyo ikazuka video ya hapa hapa Doha. Taa tatu nyeupe zilisimama juu ya majengo ya Pearl, kile kisiwa cha matajiri, wakati wa magharibi, kisha zikakimbia kando kwa pamoja. Mhariri wa Zamu alikuwa hakaliki. "Wao wana zao, na sisi tumepata zetu," alisema. "Nitafutie mwenyewe aliyeipiga."

Niliifuata video kundi kwa kundi mpaka nikampata siku ya Ijumaa, mtaa wa Abu Hamour, kwenye viwanja vya makanisa. Wakristo wengi wa Doha huabudu Ijumaa, maana ndiyo siku ya mapumziko. Akatoka na shati lililopigwa pasi vizuri. Ni Odhiambo, Mkenya, mlinzi wa jengo moja la Pearl, baba wa watoto wawili.

"Mama Salma, hiyo clip nilitumia tu maboyz kwa group," alisema. "Sijui nani aliitoa huko."

"Uliipigia wapi?"

"Job. Floor ya juu, kwa lobby ya wageni. Na simu ukiwa post hairuhusiwi, wakijua wananirudisha home moja kwa moja. Watoi wangu wako shule. Tafadhali, usinichome."

"Sikuchomi, mwanangu. Nitumie faili lenyewe lilivyo simuni mwako. Lililozungushwa kwenye magrupu limeshapoteza habari zake."

Faili halisi hubeba ndani yake saa na mahali lilipopigwa. Akanitumia, akaniamini. Nilirudi kazini nikafanya nilivyozoea kufanya miaka yote. Kwenye mstari wa kwanza niliandika "mlinzi" nikaficha jina. Kwenye wa pili niliandika jengo, ghorofa na saa. Nikajiona mjanja kweli. Saini sikutia, maana mwendo wa zile taa ulikuwa haujaniridhisha, lakini karatasi ya chanzo husomwa na chumba kizima cha habari hata kabla ya saini. Haukupita muda Mhariri wa Zamu akaipaza sauti yake: mwandishi na kamera wameshatoka, wanakwenda kumwomba meneja wa jengo awaonyeshe mlinzi aliyeona maajabu.

Mlinzi wa ghorofa ile saa ile alikuwa mmoja tu. Nilimficha kichwa, miguu nikaiacha nje, na haya si makosa ya mjinga. Ni makosa ya mtu aliyeijua kazi yake mpaka akasahau inamhusu nani.

"Warudishe," nilimwambia.

"Kwa nini? Tutamfanya nyota."

"Utamfanya abiria. Kesho yupo uwanja wa ndege na begi lake."

"Umm Salma, hiyo ni habari. Una sababu nyingine?"

Nilirudi kwenye faili kuitafuta, safari hii kwa hofu, nikaliendesha polepole. Simu ilipohama kushoto, majengo ya mbali yalibaki pale pale, zile taa zikahama pamoja na simu. Nikaelewa. Niliingia chumba cha mikutano cha Mkurugenzi wa Habari bila kubisha hodi, jambo nisilowahi kulifanya.

"Samahani, mudir," nilisema, na nikaisimamisha simu yangu mbele ya dirisha lake kubwa. Nje jua lilikuwa linazama. Kwenye kioo cha simu, taa za dari la chumba chake, zikiakisiwa na kioo cha dirisha, zilielea juu ya minara ya West Bay. Nilisogea hatua moja, zikaruka. "Sasa zima taa." Aliyekaa karibu na swichi akazima, na visahani vyote vikaondoka Doha.

Mtu akacheka, kisha wote. Mkurugenzi hakucheka. "Khalas," alisema, akampigia mwandishi mwenyewe. Walikuwa wameshaegesha gari, wanamsubiri meneja ashuke. Wakageuza. Jina la mlinzi halikuulizwa tena.

"Sasa nina dakika tatu tupu," Mkurugenzi aliniambia. "Zijaze."

Nilizijaza kwa mstari wa nne: wanasiasa, wenye rada, wenye mambo ya kufunika. Kipande kuhusu sisi wenyewe Mhariri wa Zamu alikikatakata, lakini sentensi moja ilipona, nayo ilisomwa hewani: vituo vya habari, kikiwemo hiki, huvuna watazamaji siku za visahani. Nilisimama nyuma ya kioo cha studio nikalia, na sioni haya kulisema. Wiki ile ile nikaomba mstari wa pili uandikwe kwenye karatasi ya peke yake, ifungiwe mezani kwangu, kila picha inapotoka kwa mtu anayeweza kufukuzwa. Mpaka leo dawati linafanya hivyo.

Siku ya kuniaga kulikuwa na keki, na Mkurugenzi akanitaka nitaje mbele ya wote kazi ninayojivunia kuliko zote. Nikataja yale mafuriko niliyoyakataa, nikamwacha mlinzi afichike. Wakapiga makofi. Mnaoingia kazi hii leo mna mitambo ya kuchambua picha kwa kupepesa jicho, nami nawaonea wivu. Lakini picha haina watoto shuleni. Aliyeipiga anao.

Kisa hiki ni cha kweli, isipokuwa mlinzi yule haitwi Odhiambo na jengo halikuwa Pearl. Bado yuko kazini.