Soja Asiyesikia Honi

Kliniki ninamofanya kazi iko Kiuu, huko Ruiru, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mabati na misumari. Kila anayepanda ngazi zile anafika akiwa ameshajua anaugua nini. "Daktari, ni tonsili," anasema kabla hajaketi, na tayari amemeza nusu ya dawa alizouziwa kwenye kemisti. Mimi si daktari, ni afisa wa kliniki mwenye digrii, lakini niliacha kusahihisha watu zamani. Nawasha tochi na kumwambia afungue mdomo aseme aaa. Mara nyingi si tonsili. Ni mafua tu: anakohoa, pua inavuja, koo ni jekundu lakini halina usaha. Ninachoweza kumwandikia ni maji ya uvuguvugu, dawa ya maumivu na subira. Hakuna anayefurahia kuandikiwa subira.

Chuoni tulifundishwa kwamba mgonjwa akieleza vizuri na wewe ukiuliza vizuri, ugonjwa unajitaja wenyewe. Upande mmoja au pande zote mbili? Kuna harufu? Ulianza ghafla au polepole? Mtoto anayetoa uchafu unaonuka kwenye tundu moja la pua hana mafua. Ameingiza kitu humo, pengine haragwe, pengine kipande cha sponji la godoro. Ukivuta sikio la mtu kidogo naye akaruka kwa maumivu, basi kidonda kiko kwenye njia ya sikio, na ukimwuliza atakiri kwamba alikuwa akijikuna kwa njiti ya kiberiti. Ukivuta asiumie, tafuta shida nyuma ya ngoma ya sikio.

Niliyapenda maswali hayo. Mimi ni mtu wa kuuliza tangu utotoni. Nimewahi kutolewa darasa la Jumapili kwa kuuliza nani alishika kalamu wakati dunia inaumbwa. Lakini baada ya miaka michache Kiuu hata maswali yanachosha. Unajikuta ukiyatoa kama mashine ya tiketi, macho yakiwa kwenye mlango kuona foleni imefika wapi.

Nilikuwa katika hali hiyo Mama aliponipigia simu. "Baba yako anaenda kufutwa kazi," alisema. "Wanasema ana madharau."

Baba alifanya kazi karibu maisha yake yote katika kiwanda cha nguo Thika, upande wa mitambo ya kufuma. Kiwanda kilipopunguza watu, alirudi nyumbani, Makongeni hukohuko Thika, akakaa kwenye kizingiti cha mlango msimu mzima, akitazama wengine wakitoka asubuhi. Halafu akapata kazi ya usoja, kulinda geti la mtaa mmoja wa Membley. Siku aliyopewa sare, Mama aliipiga pasi mara mbili, naye akatembea hadi stejini kwenye matatu akipita njia ndefu, ile inayopita mbele ya nyumba za wenzake wa zamani. Kwa hiyo nilielewa Mama alimaanisha nini. Kizingiti kilikuwa kikimsubiri.

"Madharau gani?" niliuliza.

"Eti wakipiga honi anaangalia upande ule mwingine kama mwenye shamba. Supavaiza amesema aende apimwe masikio, halafu wamwite ofisini."

Baba alikuja kliniki siku ambayo sikuwa kwenye zamu. Mwenzangu akamwangalia, akakuta nta, akaitoa kwa maji. Kisha akaketi mbele yake na kumnong'onezea namba, naye Baba akazirudia zote bila kukosea. "Mzee yuko fiti," mwenzangu aliniambia kesho yake. "Labda kweli ana madharau. Hata wewe unayo kidogo."

Sikuridhika. Si kwamba nilijua kitu. Ni ile tabia yangu ya kutoamini jibu linalokuja haraka. Jumamosi nikaenda Makongeni.

Lazima nieleze jambo moja kuhusu wafumaji. Mitambo ile ina kelele ambayo huwezi kuishinda kwa kupaza sauti, kwa hiyo watu wake hawapazi. Wanaongea kwa midomo tu, wazi na polepole, na mkono ukisaidia hapa na pale. Kiganja kikishushwa, ina maana simamisha mtambo. Vidole viwili shavuni, ina maana msimamizi anakuja. Ploti yetu ya vyumba vya kupanga ilikuwa na familia nyingi za kiwandani, na sisi watoto tuliiokota lugha hiyo bila kufundishwa. Kanisani tulisengenyana kutoka benchi moja hadi lingine bila kutoa sauti, na wazazi wetu walituona, wakatukemea kwa midomo vilevile, bila sauti.

Nilipofika, Mama alikuwa jikoni na Baba alikuwa mbele ya televisheni, na televisheni ilikuwa inanguruma. Nilisimama nyuma yake nikamsalimu. Hakugeuka. Nikaja mbele.

"Mami," alisema, akapunguza sauti. Ananiita hivyo kwa sababu nimepewa jina la mama yake. "Umekonda. Huko Ruiru hawali?"

Niliketi nikaanza maswali, mara hii nikisubiri kila jibu. Masikio yanauma? Hapana. Yanatoa maji? Hapana. Ni moja au yote? Yote. Kuna mlio? Alifikiri. "Kuna kafilimbi," alisema. "Kalianza zamani nikiwa kiwandani. Siku hizi nikikakosa nitashangaa." Na watu wanaongeaje? "Wanaume sawa. Nyinyi wanawake mmeanza kumumunya maneno. Na watoto wa hapa ploti, siku hizi wamenyamaza sana."

Nje, watoto wa ploti walikuwa wakicheza mpira wa makaratasi na kupiga kelele za kutoboa bati.

Nilitoa barakoa kwenye mkoba nikaivaa.

"Ninanuka?" aliuliza, akicheka.

Nikamtajia namba nikiwa nyuma ya kitambaa, kwa sauti ya kawaida kabisa. Aliangalia macho yangu. Aliangalia paji la uso wangu. Nikaongeza namba nyingine. Kicheko kikamtoka usoni polepole.

"Toa hicho kitambaa, mami," alisema. "Hiyo ni kunionea."

Mwenzangu alikuwa ameketi mbele yake, uso kwa uso, kwenye mwanga wa dirisha. Mfumaji yeyote wa zamani angeupita mtihani ule hata ukimziba masikio kwa pamba.

"Umejua tangu lini?" nilimwuliza baada ya kuitoa.

"Siku nyingi."

"Na ukanyamaza."

"Nikisema, yatarudi?"

Hapo ndipo uchovu wangu wote wa Kiuu uliponikalia mabegani. Kutambua kulikuwa kumekwisha. Mtu wa mwaka wa tatu chuoni angetambua. Masikio yote mawili, polepole, bila maumivu wala usaha, filimbi ndani, sauti nyembamba zikitangulia kupotea na zile nzito zikibaki. Nikamweleza kwamba ndani kabisa ya sikio kuna vinywele vidogo vinavyopokea sauti, na kelele ya miaka huvilaza chini mpaka visiinuke tena. Nikamwambia aende hospitali kubwa akapimwe vizuri katika chumba kisicho na sauti, na kwamba kuna vifaa vya kuvaa sikioni vinavyosaidia kiasi.

"Lakini hayarudi."

"Hayarudi, Baba."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa gari limeshaondoka.

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi. "Kumbe," alisema. "Mimi nikadhani umeamua tu kutonijibu. Nimekununia tangu Pasaka."

"Niliona umenuna," alisema Baba. "Nikadhani ni kawaida."

Wakacheka wote wawili, mimi nikashindwa. Nilimwuliza Baba kuhusu geti. Alieleza kwamba watu wa Membley ni wa hasira sana. Gari likifika tu, honi ndefu, na dereva amekunja uso. Ilinichukua muda kuelewa. Wenye magari walianza kwa ile honi fupi ya adabu, pii kidogo, kama watu waliolelewa. Hiyo hakuisikia. Walipochoka kusubiri wakaibana honi, na hiyo ndiyo iliyomfikia, pamoja na uso wa mtu aliyekwisha kukasirika. Miezi yote hiyo alikuwa hajawahi kusikia adabu yao, wala wao hawakujua kwamba yeye anashangaa wamekasirikia nini.

Nilipokuwa natoka aliniomba kitu. "Wakiniita ofisini, twende wote. Keti mahali nitakuona. Yule supavaiza akiongea akiangalia kando, uniambie kwa mdomo."

"Yaani nimdanganye."

"Yaani unitafsirie."

Nilitoa simu nikamwuliza wanamwita siku gani. Ninaweza kubishana na mhubiri, mwanasiasa na profesa, lakini sikuwa na hoja ya kumpa mtu anayekiogopa kizingiti cha nyumba yake.

Ofisi ya supavaiza ilikuwa kontena lililopakwa rangi ya kijani, nyuma ya mtaa ule. Yeye mwenyewe alikuwa kijana wa rika langu, mpole, aliyechoka kama mimi, chai ikimpoa mezani. Nilichukua kiti cha pembeni, mahali ambapo Baba angeniona. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Kijana alimtazama usoni akamwuliza habari za nyumbani na za safari, naye Baba akajibu kwa ile sauti yake ya sare. Nilianza kufikiri kwamba pengine tutapita.

Halafu simu ya kijana ikawaka, akaishika, na akiwa ameiinamia akauliza, "Sasa mzee, gari likija kutoka nyuma yako, utajuaje?"

Baba aligeuza macho kwangu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Neno la kwanza lilikuwa tayari kwenye midomo, bila sauti. Baba akainua mkono wake wa kulia na kushusha kiganja. Simamisha mtambo.

Nikafunga mdomo.

"Kijana wangu," alimwambia supavaiza, "sijasikia. Nitazame ukiongea."

Yule akainua kichwa.

"Masikio yangu yaliisha kiwandani," Baba aliendelea. "Hao watu sikuwadharau. Honi ndogo sisikii, kubwa nasikia. Nikiona mdomo wa mtu, nasikia kila kitu, hata yale anayosema na mwenzake ndani ya gari akifikiri simo. Huyu ni binti yangu, ni daktari. Mwulize."

Kijana akaniuliza, nami nikasema yote kama yalivyo: kwamba mwenzangu alimpima akiwa mbele yake ndiyo maana akapita, kwamba hali hii haiponi, na kwamba usiku kwenye geti la magari ni hatari kwake na kwa wengine. Niliposema hilo la hatari nilitazama sakafu, na papo hapo nikakumbuka kwamba nikitazama sakafu Baba hanisikii. Nikainua uso nikalirudia nikimtazama. Hakupepesa macho.

"Lakini kuna geti dogo la watembea kwa miguu," niliongeza. "Mchana. Kila mtu pale anakuja uso kwa uso."

Supavaiza alikuna kidevu. "Hilo si langu peke yangu, sista. Kuna kamati." Akamgeukia Baba, akatamka polepole mno, midomo wazi kama anaongea na mtoto. "Mzee. Tutakupigia simu."

Baba alicheka mpaka yule kijana naye akaelewa, akaona haya. "Mpigie huyu," Baba alisema akinionyesha. "Mimi nitakuwa napiga stori na filimbi yangu."

Tulirudi kwa matatu. Nilikuwa nimechoka, naye alikuwa akitazama midomo ya watu wengine.

Simu ya supavaiza ilikuja nikiwa na mgonjwa kwenye kiti, amefungua mdomo, tochi yangu ikiwa kwenye koo lake. Nilimwomba radhi nikapokea. Maneno yalikuwa machache. Nikarudi kwenye lile koo, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi zilikuwa tonsili kweli, zimevimba na madoa meupe pande zote mbili, homa juu, hakuna kikohozi. Mgonjwa alifurahi kuwa alikuwa sahihi.

Sikuwa na namna ya kumpigia Baba, na Mama alikuwa kwenye maombi ya akina mama. Nilipotoka kazini nikapanda hadi Makongeni. Nilimkuta kwenye kizingiti, na kiatu cha kazi mapajani, akikipaka rangi ingawa hakuna aliyemwambia atakihitaji. Watoto wa ploti walikuwa wamejaa uwanjani na mpira wao. Nilisimama ng'ambo yao, pale kwenye lango la ploti, nikasubiri ainue uso. Alipoinua, nikamwambia kwa midomo tu, bila sauti, jinsi wafumaji walivyokuwa wakisema.

Geti dogo. Mchana. Unaanza Jumatatu.

Alisoma mpaka mwisho. Kisha akanijibu kwa sauti kubwa kiasi kwamba mpira ulisimama na watoto wote wakamgeukia.

"Na hilo kubwa je?"

Nikatikisa kichwa. Akatema mate kwenye kitambaa, na akaendelea kusugua kiatu.