Maji ya Jumamosi

Mahali pekee ambapo simu yangu ilipata rezo, yaani mtandao, ya kutosha kuonyesha uso wa mtu palikuwa katikati ya shamba la maharage, juu ya kilima kinachotazama mji wetu wa Mweso. Shamba lenyewe si langu. Ni la mjane mmoja ambaye ukoo wake ulilima mlima ule kabla sisi watu wa Butembo hatujaja kufungua maduka yetu bondeni. Nilimwomba ruhusa ya kukaa kwenye jiwe lake kila Jumamosi mchana na simu yangu. Akaviangalia viatu vyangu, akasema, "Ikala, lakini usikanyage maharagi." Alidhani ninaagiza bidhaa Goma, nami sikumsahihisha.

Mdogo wangu anayeishi Goma ndiye aliyenitafutia mshauri yule, mwanasaikolojia mwenye kibali, anayefanya kazi yake kwa njia ya simu. Mimi sikutaka. Nina mdomo, nina duka, nina rozari; ya nini kumsimulia mgeni maisha yangu? Siku ya kwanza nilimwambia anionyeshe kibali chake, kama polisi wa barabarani wanavyowasumbua madereva. Hakukasirika. Alikisogeza kwenye kamera, akanisubiri nisome mpaka muhuri. Nikaanza kumpenda kidogo hapo hapo, ingawa sikumwambia.

Tatizo lake lilikuwa kunyamaza. Kwetu simu ikinyamaza, maana yake rezo imekatika. Kwa hiyo kila aliponyamaza nilipiga kelele, "Allo? Allo?", nikakata, nikapiga upya. Alinivumilia, mwishowe akasema, "Niko, dada. Sikukatika. Niko nakungojea tu." Dukani kila mtu ana haraka, na tangu nianze kuwa mtu mzima sikuwa nimengojewa na yeyote kwa utulivu namna ile.

Alichokuwa anangojea tulikijua sote wawili. Mume wangu alikuwa dereva wa lori kwenye barabara ya Walikale. Alipeleka mchele, mafuta na sabuni kwa wafanyabiashara wa machimbo ya Bisie, na siku yake ya kurudi, ikiwa barabara imekubali, ilikuwa Jumamosi. Alifika akiwa tope tupu hadi kwenye nyusi. Nilikuwa nikimchemshia maji ya kuoga katika sufuria kubwa, nikimtania kwamba sijui ninaosha mtu au ninaosha lori. Safari moja hakurudi. Lori lilikutwa porini, milango wazi, yeye hakukutwa. Mvua zilikuja zikaisha, zikaja nyingine. Mimi niliendelea kuchemsha maji.

Kwetu kilio hakianzi mpaka nyumba yenyewe iseme kwamba mtu wake amekufa. Mama mkwe wangu huko Butembo alikuwa na machozi yake tayari, lakini aliyazuia kwa heshima yangu. Padri aliniuliza misa niliyoomba ni ya marehemu au ya msafiri, nikamwambia ya msafiri, naye akaisoma hivyo bila kubishana. Binti yetu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza shule, aliacha kuuliza baba yuko wapi, akawa ananisaidia kuchochea moto. Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote. Mtoto alitaka kulia na hakuwa na ruhusa. Ruhusa ilikuwa mdomoni mwangu na haikutoka.

Jumamosi moja mshauri aliniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Dada, ile maji, ikishapoa, unaifanyaka nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali makubwa. Hilo halikuwamo.

"Naimwangaka," nikasema.

"Unaimwangaka wapi?"

"Ku migomba."

Akanyamaza. Safari hii sikusema allo. Nililia. Nililia kwa sauti nzima, nikateleza kutoka kwenye jiwe nikajikuta nimekaa juu ya maharage niliyokatazwa kuyakanyaga. Mshauri hakuniambia ninyamaze. Mara moja moja alisema tu, "Niko." Kabla hatujaagana aliniuliza ninaishi na nani, nikamjibu na mtoto. "Leo usibakie peke yako," akasema. Nikamwambia asijali, nina kazi. Nikafuta uso, nikashuka nyumbani, nikawasha moto, nikateleka sufuria, kwa sababu ilikuwa Jumamosi.

Jua lilikuwa bado juu ya migomba nilipowaona wanawake wakiteremka mlimani kwa mstari, kuni kichwani, mmoja kabeba benchi, mwingine kapu la maharage. Mbele yao alikuwa mjane mwenye shamba. Walikuwa wakipalilia nyuma ya jiwe, wakanisikia. Kwa watu wa mlima ule, mwanamke akilia namna ile na simu mkononi, basi simu imeleta kifo, na hakuna cha kuuliza zaidi. Kila mmoja alikuwa amepitia kwake, akachukua alichokuwa nacho, wakaja kuanza kilio.

"Pole, Mama wa butiki," akasema mjane. "Nani alikufa?"

"Hakuna muntu alikufa, Mama. Nilikuwa naongea na dada moya wa Goma. Njo kazi yake, kusikilizaka bantu."

"Alikufanya nini?"

"Hakunifanya kitu. Aliniuliza tu."

Mjane aliwatazama wenzake, kisha akanitazama macho yangu yaliyovimba. "Basi aliuliza vizuri," akasema, akatua kuni zake chini.

Hakuna aliyerudi. Benchi likawekwa ukutani, wakakaa. Nilikuwa nimeona haya na hasira kidogo, kama mtu aliyekutwa hajavaa, na bado sikutaka waondoke. Nilipogeuka, mjane alikuwa amefunua sufuria yangu. Aliona maji yanachemka, akaona wageni wa kilio wanahitaji kula, akafanya ambacho mwanamke yeyote angefanya. Maharage ya kapu zima yaliingia ndani.

"Mama, hapana," nikasema. "Ile maji ni ya muntu."

"Ya nani?"

"Ya bwana yangu. Ya kuoga."

Mweso yote ilijua habari za lori lile; mjane pia alijua. Hakunidhihaki. Aliuliza taratibu, kama mtu aliye tayari kuyatoa maharage yale moja moja ikiwa nitamwambia mume wangu yuko njiani.

"Anarudi saa ngapi?"

Nikatazama barabara. Kisha nikamtazama binti yangu, amesimama mlangoni na kijiti chake cha kuchochea moto. Hakuna aliyenisukuma. Walinyamaza wote, na nilikuwa nimeshajifunza kwamba kunyamaza kule si kukatika.

"Harudi," nikasema. "Alikufa."

Mtoto akaangusha kijiti. Alinijia mbio, akajitupa mapajani mwangu, akawa wa kwanza kulia, kabla ya wanawake wote, kwa sauti kubwa kuliko mwili wake. Nilimshika kichwa nikasema, "Lia, mama yangu, lia." Ndipo wengine wakamfuata. Mjane aliokota kijiti, akasogeza kuni chini ya sufuria.

Maharage yaliiva giza likiingia. Mtoto ndiye tuliyempakulia kwanza.