Ukurasa wa Mtu Mwingine

Nyumbani walimwita Redio, na hawakuwa wamemwonea. Habari ikimwingia sikioni, haikulala humo. Ni yeye aliyewatangazia ndugu wote, mpaka wale wa mbali wasiopiga simu, kwamba mke wa kaka yake ana mimba. Mimba ile ilipoharibika, ndugu wale wale walipiga simu za pole mfululizo, hadi mwenye msiba akazima yake na kulala akitazama ukuta. Hakumgombeza wifi yake, kwa kuwa hakuwa mtu wa kugombana. Alijiapiza tu moyoni kwamba safari nyingine, kama ingekuwapo, Redio angekuwa wa mwisho kujua.

Mke huyo ndiye aliyekuwa fundi wa kompyuta katika zahanati ambayo Redio alikuwa mpokezi wake. Kazini walimwita Fundi, naye aliridhika, maana jina hilo halikumdai maongezi mengi. Chumba chake kilikuwa nyuma ya mapokezi, chembamba kama stoo, na feni iliyokwaruza kila ilipogeukia upande wa dirisha.

Asubuhi hiyo makelele yalimfikia kabla hajaketi. Mwalimu wa chekechea alisimama mbele ya meza ya mapokezi, barakoa usoni, mkoba ameukumbatia kifuani.

"Hata mama yangu mzazi sijamwambia!" alisema. "Leo wazazi wamekuja kuwatoa watoto darasani. Wanasema mwalimu ana kifua kikuu. Wamejuaje, kama si wewe?"

"Dada yangu, naapa..." Redio alianza.

"Usiniapie! Mtaa mzima unaujua mdomo wako. Hauna breki."

Redio aliketi kwenye kiti chake cha mapokezi kama aliyesukumwa.

Daktari, mwenye zahanati, alitoka, akamtuliza mwalimu na kumsindikiza hadi mlangoni. Kisha akamgeukia mpokezi wake. Hakupaza sauti, na hilo lilitisha zaidi.

"Nakupa mpaka baada ya chakula cha mchana uniambie ulimwambia nani. Ukinyamaza, weka funguo mezani uende."

Redio aliingia kwa Fundi na kuufunga mlango kwa mgongo.

"Wifi, niambie ukweli. Unaniamini?"

Fundi alitazama vidole vyake. Ukweli ni kwamba hakumwamini.

"Nyumbani naongea, sikatai," Redio aliendelea. "Naongea mpaka mate yananikauka. Lakini majibu ya mgonjwa? Nina watoto wanaokula kwa kazi hii, wifi. Na majibu yenyewe siku hizi siyaoni. Si wanasoma wenyewe kwenye simu?"

Fundi aliinua uso. "Mwalimu naye alisoma kwenye simu?"

"Kama wote. Si wewe mwenyewe uliyetuambia tuachane na karatasi?"

Fundi alianza kukumbuka. Tovuti ya zahanati ilikuwa nzito, wagonjwa wakalalamika, Daktari akalalamika zaidi yao. Ndipo Fundi alipoweka programu-jalizi, kipande kidogo kinachopachikwa kwenye tovuti kuiongezea uwezo. Hiki kilichukua nakala za kurasa na kuzisambaza kwenye mashine zilizotapakaa huku na kule, ili mgonjwa apewe ukurasa kutoka mashine ya karibu naye badala ya kusubiri ile ya zahanati. Picha zilifunguka upesi, matangazo vilevile. Na siku ile ya kuipanga, Daktari akiwa amemsimamia begani akihimiza, alikuwa ameweka alama mahali palipoandikwa "kurasa zote".

Zote. Alijaribu kukumbuka kama aliutoa ukurasa wa majibu. Hakukumbuka.

"Kaa," alimwambia wifi yake. "Tutazame kumbukumbu."

Kila programu ya aina ile huandika kumbukumbu za kazi yake: nani ameomba ukurasa gani, na amepewa kutoka wapi. Lakini Fundi alikuwa amezizima, kwa sababu zilikuwa zikiijaza diski mpaka mashine ikagoma, naye akasemwa mbele ya wauguzi. Sasa alifungua mipangilio, akatafuta sehemu ya kumbukumbu, akaiwasha, akahifadhi, akabonyeza "Tazama". Kioo kilibaki cheupe.

"Haya, iambie ituonyeshe wiki iliyopita," alisema Redio.

"Haiwezi. Inaandika kuanzia pale ilipowashwa. Ya nyuma haikuyaona."

"Makubwa! Mimi nalaumiwa kwa kusema kila kitu, na mtambo wako hausemi chochote?"

Fundi angecheka siku nyingine. Walisubiri. Mistari ikaanza kushuka mmoja mmoja, na mwisho wa kila mstari lilikuwapo neno moja: "chanzo", kama ukurasa umetoka kwenye mashine ya zahanati, au "nakala", kama umetoka kule zilikosambazwa. Nembo, nakala. Ukurasa wa mwanzo, nakala. Saa za kliniki, nakala. Mpaka hapo hapakuwa na kosa. Redio alikuwa akizungusha bangili yake bila kukoma.

Kisha mstari mwingine ukashuka. Majibu, nakala.

Fundi aliusoma tena. Ukurasa wa majibu ya mgonjwa haukupaswa kabisa kutoka kwenye nakala. Anwani yake ilikuwa moja kwa kila mtu, na mashine za mbali hazikujua aliyeingia ni nani; zilijua anwani tu. Aliyetangulia kufungua aliacha nakala ya majibu yake, na aliyefuata alipewa hiyo hiyo. Maana yake dakika ile ile, mahali fulani, mtu alikuwa akisoma ugonjwa wa mtu mwingine, kama huenda mzazi mmoja alivyousoma wa mwalimu.

Aliufunga ukurasa wa majibu kwa watu wote wa nje, ukabaki wazi kwa vifaa vya mle ndani tu, akazifuta nakala zote. Kisha akaibeba kompyuta yake ndogo kifuani kama mtoto na kwenda kwa Daktari, Redio nyuma yake.

Daktari alisikiliza huku akitazama saa ya ukutani.

"Haya ni maneno kwenye kioo," alisema mwishowe. "Nakala, nakala. Nitajuaje hukuyatunga? Huyu ni wifi yako."

"Tujaribu hapa hapa. Fungua majibu yako kwenye simu yako, kisha mimi nifungue yangu."

"Majibu yangu mimi?" Daktari alishtuka. "Ya kwangu hayawekwi mezani, mama. Tafuta mengine."

Mengine yapi? Majibu ya wagonjwa hakuwa na haki ya kuyagusa. Redio hakuwahi kupimwa hapo. Yalibaki majibu ya mtu mmoja tu katika chumba kile, na Fundi aliyajua vizuri, kwa sababu aliyasoma wiki ile amejifungia chooni, kiganja mdomoni asipige kelele. Mumewe peke yake ndiye aliyeambiwa.

Alimtazama wifi yake. Redio alikuwa ameshika funguo za mapokezi, tayari kuziweka mezani, macho yamemwiva. Mdomo ule. Simu zile za pole. Angeweza kusema twende taratibu, tuunde mgonjwa wa bandia kesho, na kesho mpokezi mwingine angekuwa ameketi pale mbele.

Alipiga moyo konde. Akatoa simu, akaingia kwa jina lake, akafungua majibu yake.

"Sasa wewe, Daktari. Ingia kwa jina lako, kwenye kompyuta yako."

Daktari aliingia. Akabonyeza. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Redio aliinama begani mwake kabla mtu hajamzuia.

Juu ya ukurasa palikuwa na jina la Fundi. Chini yake, kwa herufi nene: kipimo cha ujauzito, chanya.

Kwenye kumbukumbu, mstari mpya ulikuwa umeshuka: majibu, nakala.

"Nani aliyeweka alama kwenye kurasa zote?" Daktari aliuliza polepole.

"Mimi," alisema Fundi. "Ulitaka upesi, nami nikaogopa kukwambia subiri."

Daktari alifumba macho kidogo. Kisha akausukuma mkono wa Redio wenye funguo, urudi kifuani kwake. "Rudi kazini. Na wewe, ukurasa huo usifunguliwe mpaka niuone umepona. Mchana tunakwenda kwa mwalimu, mimi na wewe. Utamweleza mbele ya wazazi."

Fundi alienda, akaeleza, akasikia maneno aliyostahili kuyasikia. Lakini hofu aliyoibeba siku nzima haikuwa ya wazazi wale.

Jioni, nyumbani kwa mama mkwe, alimkuta Redio ameketi jikoni akimenya vitunguu, kimya. Shemeji zake waliingia na kutoka. Simu ya Redio iliita, akaitazama, akaigeuza kifudifudi.

"Mbona leo redio haina umeme?" mama mkwe alitania. "Hakuna habari kazini?"

Fundi alishika beseni la maji kwa mikono miwili, akasubiri.

"Hakuna, mama," alijibu Redio. Aliinuka, akafuta mikono kwenye kanga, akamjia Fundi na kumpokonya lile beseni. "Lete hapa, wifi. Zito hilo."

Mama mkwe aliwatazama, mmoja kisha mwingine. Akafungua mdomo kuuliza.

"Vitunguu, mama," alisema Redio, akijifuta macho kwa kiwiko. "Vitunguu vya leo ni vikali mno."