Kipimo cha Kelele Gatini

Juzi boti yetu kutoka Kiwayu ilisimamishwa gatini Lamu na ofisa mwenye kifaa cha kupima kelele. Alikisogeza karibu na injini, namba zikapanda, akamwonyesha nahodha.

"Umevuka kiwango," akamwambia sikioni kwa sauti kubwa. "Itabidi nikushtaki."

Nahodha, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, akazima injini na kutikisa kichwa. "Kifaa chako kibovu, bwana. Boti hii haina kelele. Nashinda nayo kutwa, ningejua."

Abiria tukacheka. Papo hapo adhana ya adhuhuri ikaanza, kipaza sauti cha msikiti wa Mkomani kikituelekea moja kwa moja. Sote tukanyamaza. Nahodha peke yake akaendelea kubishana, mkono hewani, nami nikamwona hana adabu. Bi mmoja aliyekaa karibu naye akamgusa bega, akaelekeza kidole upande wa msikiti.

"Bwana, adhana."

Nahodha akageuka, akatega sikio, kisha akatutazama mmoja mmoja. "Inaadhiniwa sasa hivi?" akauliza. "Mimi nilidhani siku hizi wameacha kutumia vipaza sauti."

Ofisa akakizima kifaa chake, akamshika nahodha mkono kumpandisha ngazi, wakashika njia ya hospitali.

Upimaji huu ulianzishwa baada ya wakazi na wageni wa hoteli kulalamika kwamba hawapati usingizi. Sisi abiria, ambao kila safari humhimiza nahodha aongeze mwendo, hatujawahi kumuuliza kama anatusikia.